Picha za Mionzi na Uchunguzi wa Vifo Mutwanga

Mauaji ya raia yaliyoanza kuikumba Beni mwezi Oktoba 2014 yalifika baadaye pia katika sekta ya Ruwenzori, ulipo mji mdogo wa Mutwanga chini ya mlima. Maiti wa mashambulizi ya namna hiyo huzikwa upesi, na jeraha lisiloandikwa huzikwa pamoja nao. Ndipo linapozuka swali: je, picha ya mionzi yaweza kutoa ushahidi mbele ya hakimu bila mwili kupasuliwa?

Fikra yenyewe si ngeni. Wilhelm Röntgen aligundua mionzi ya eksirei mwaka 1895. Mwaka uliofuata, huko Uingereza, ilikwisha kutumiwa kutafuta risasi kichwani mwa mwanamke aliyepigwa na mumewe. Karne moja baadaye wataalamu wa Bern, Uswisi, walianza kuchunguza maiti kwa skana ya CT, ambayo huupiga mwili picha tabaka kwa tabaka, kisha kompyuta ikaziunganisha.

Skana ni ghali mno kwa kituo cha mashambani. Eksirei ya kawaida ni jambo jingine, kwani Mutwanga ina umeme wa maji kutokana na mtambo wa Hifadhi ya Taifa ya Virunga uliozinduliwa mwaka 2013. Picha mbili, ya mbele na ya ubavuni, huonyesha risasi ilipolala. Moja haitoshi, maana haionyeshi kina. Mfupa uliokatwa kwa panga aghalabu huwa na ukingo ulionyooka, ilhali risasi huacha vipande vya chuma vilivyotawanyika njiani mwake. Tofauti hiyo ni nzito pale shahidi anaposema watu walikatwa, na upande wa pili ukadai walikufa katika majibizano ya risasi. Tena mionzi hupenya mfuko wa maiti bila kuufungua, faida ambayo waliopitia Ebola Beni na Butembo kati ya 2018 na 2020 hawahitaji kuelezwa.

Hata hivyo, sumu haionekani pichani. Aliyenyongwa pengine hana mfupa uliovunjika. Gesi za kuoza nazo huweza kudhaniwa kuwa hewa iliyoingia mishipani mtu akiwa hai. Na picha isiyo na namba ya maiti, tarehe wala saini ya aliyeipiga, wakili hodari ataipinga.

Lugha ya ripoti nayo ina mtego wake: Kongo picha hiyo huitwa radio, kutoka Kifaransa, neno ambalo msomaji wa Dar es Salaam angedhani ni chombo cha matangazo.