Ifungue Kabla Hujainunua
Kompyuta mpakato na fundi wa kijijini: Sehemu ya Pili

Wiki iliyopita tulieleza jinsi vumbi na umeme usiotulia vinavyozichosha kompyuta mpakato. Leo tunafungua moja ili tuone kama inatengenezeka. Tumechagua ThinkPad T480 ya mwaka 2018, ambayo sasa huuzwa ikiwa imeshatumika.

Izime, kisha toa betri ya nje: ukisukuma vishikizo vyake inachomoka bila bisibisi. Skrubu za mfuniko wa chini ni za nyota ya kawaida, na zikilegezwa hubaki kwenye mfuniko, hazipotei. Ndani kuna betri ya pili. Ichomoe waya kabla ya kugusa kingine chochote.

Vibao vya ramu vinatoka kwa vidole, na diski inabadilishika. Feni hung'oka pamoja na bomba lake la shaba, na hapo ndipo vumbi hujaa hadi mashine ikachemka. Kasoro kubwa ni tundu la chaji: limelehemiwa kwenye ubao mkuu. Likilegea, bisibisi haitoshi. Panahitajika mashine ya hewa moto na fundi aliyeizoea.

Linganisha na MacBook Pro ya skrini ya Retina ya mwaka 2012. Ramu yake imelehemiwa na betri imebandikwa kwa gundi. Kampuni ya iFixit ya Marekani iliipa alama 1 kati ya 10 kwa urahisi wa kuitengeneza. Ufaransa nayo, tangu Januari 2021, inawataka wauzaji waonyeshe alama ya urahisi wa kutengeneza kompyuta mpakato.

Kwa mkazi wa hapa Kilimatinde, alama hiyo ina uzito zaidi kuliko kasi ya mashine. Betri au ramu inaweza kuagizwa ikaja kwa basi na kufungwa hapa hapa. Ubao mkuu ukiharibika, kompyuta yenyewe ndiyo inayosafirishwa kwenda Manyoni, Singida au Dodoma, na kazi ya mwalimu au mwuguzi husimama mpaka irudi.

Basi mwombe muuzaji afungue mfuniko mbele yako. Kagua mambo matatu: betri inachomoka? Ramu na diski zinabadilishika? Skrubu zinakubali bisibisi ya fundi wako? Akikataa kufungua, usilipe.

Wiki ijayo: jinsi ya kutambua betri iliyochoka.