Kabla Hamjajilipua na Akiba Yenu

Asikudanganye mtu: uamuzi mzuri na matokeo mazuri ni vitu viwili tofauti. Kama unaishi Bariadi kama mimi, pamba imeshakufundisha hilo.

Hebu tuangalie bei elekezi za pamba. Mwaka 2019 ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, mwaka 2020 ikashuka hadi 810. Mwaka 2022 ikapaa hadi 1,560, halafu 2023 ikarudi 1,060. Mkulima mwenye kilo 2,000 alikuwa na shilingi 3,120,000 kwa bei ya 2022, na 2,120,000 kwa bei ya 2023. Milioni moja nzima imeyeyuka, na jembe ni lile lile!

Sasa sikiliza maneno ya mtaani. Aliyeuza bodaboda yake akalima, akavuna mwaka wa bei nzuri, anaitwa kichwa. Aliyefanya vile vile mwaka uliofuata anaitwa mjinga. Annie Duke, Mmarekani aliyekuwa mchezaji wa kulipwa wa karata za poka, aliandika kitabu kizima mwaka 2018 akituonya kuhusu tabia hiyo ya kupima uamuzi kwa matokeo peke yake. Bahati ikikubeba leo, utadhani ni akili, na kesho utajilipua kwa hela kubwa zaidi.

Mwoga na mroho chini ya paa moja

Oktoba 2022 mimi na mume wangu tulikuwa na akiba ya milioni 2 tuliyoiweka kwa ajili ya kiwanja. Bei ya 1,560 ilikuwa bado inamlia masikioni. "Mama, tukodi ekari nane," akaniambia. Mimi usingizi ukaruka. Yeye akaniona mwoga, mimi nikamwona mroho, na siku mbili chai ikanywewa kimya kimya.

Kumbe wataalamu wanalijua jambo hili. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza kwamba maumivu ya kupoteza huwa makali kuliko raha ya kupata kiasi kile kile. Kwa kazi hiyo Kahneman alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002. Kwa hiyo mwenzi wako akisita, usikimbilie kusema hana maono. Pengine yeye anaitazama hela inayoweza kupotea, na wewe unaitazama inayoweza kuja. Wote wawili mnatazama hela ile ile.

Pigeni hesabu ya mwaka mbaya

Tulichukua daftari. Ekari nane zingekula shilingi 1,600,000, kuanzia kukodi shamba hadi vibarua wa kuvuna. Tukikadiria kilo 2,000, kwa bei ya 2022 faida ni zaidi ya milioni moja na nusu. Tamu! Lakini nikamwambia, "Baba, sasa weka ile bei ya 2020." Akaweka 810. Ikatoka 1,620,000. Faida elfu ishirini kwa jasho la msimu mzima, na hapo mvua haijagoma.

Kahneman na Tversky walituonya pia kwamba mtu akipanga mambo yake huwa anaona njia nyeupe. Dawa yake ni kuangalia yaliyowapata wengine waliopita njia hiyo hiyo, miaka kadhaa mfululizo, sio mwaka mmoja uliokunogea.

Fanyeni msiba kabla ya kifo

Mtaalamu mwingine wa Marekani, Gary Klein, alieleza mwaka 2007 zoezi dogo ambalo mimi nalipenda mno. Kabla hamjatoa hela, jifanyeni kwamba mwaka umepita na mpango umekufa kabisa. Kisha kila mmoja aandike peke yake: umekufa kwa nini?

Mume wangu aliandika mvua na bei. Mimi niliandika: "Ndugu ameugua, tumechukua hela ya dawa ya kunyunyizia, wadudu wamemaliza pamba." Alisoma, akanyamaza, akasema, "Hili kweli linaweza kutokea." Ndoa ngapi zimegombana kwa sababu ya hela ya shamba iliyoishia hospitalini? Kuandika kimya kunampa nafasi hata yule ambaye huwa hapendi kubishana.

Tukakubaliana: ekari nne kwa shilingi 800,000, laki tatu za dharura zisiguswe na shamba, na 1,200,000 iliyobaki tukatoa hizo laki tatu, laki tisa zikaenda Mfuko wa Umoja wa UTT, ambako vipande unaweza kuviuza ukihitaji hela yako. Tulivuna kilo 900, tukauza kwa 1,060. Faida 154,000. Si ya kupigia vigelegele, lakini kiwanja bado kilikuwa hai na chai inanyweka kwa maongezi. Na hata kama bei ingepanda hadi 2,000, nisingemwambia mtu kwamba tulikosea. Tuliamua kwa yale tuliyoyajua siku ile.

Wekeni tarehe ya kung'oa

Wakulima wa pamba huku kwetu wanatakiwa kung'oa na kuchoma masalia ya pamba ifikapo Septemba 15, hata kama mti bado una majani mabichi, ili wadudu wasivuke kwenda msimu mpya. Tarehe imewekwa mapema, wakati moyo umetulia.

Ndoto kubwa nazo zinataka Septemba 15 yake. Unafungua duka la vipodozi? Andikeni leo: "Ikifika Juni, kama halijalipa kodi ya fremu lenyewe, tunafunga." Unasoma jioni ili upate shahada ya pili? Andikeni ni kiasi gani cha hela na cha muda wa familia mko tayari kutoa, na siku gani mtakaa tena kuangalia. Mkisubiri mambo yaharibike ndipo muamue, mtatetea hela iliyokwisha kuzama, na kila mmoja atamtafuta wa kumlaumu.

Basi wikiendi hii, watoto wakilala, zimeni televisheni, chukueni daftari na kalamu mbili. Kalamu mbili, nasisitiza. Kazi kwenu!