Subira Si Kunyamaza

Ndugu msomaji, leo nataka kukusimulia khabari za mtu ambaye kwa miaka kumi na mitano hakuvaa shati. Akivaa kanzu, akivaa fulana, hata koti alilivaa juu ya fulana siku za kusi, lakini shati hakulitia mwilini. Sisi jamaa zake tuliliona jambo hilo, tukalicheka, kisha tukalizoea. Hapana hata mmoja wetu aliyemwuliza kwa nini.

Mtu huyo ni ndugu yangu, mtoto wa ami yangu. Amenipa ruhusa niyaandike haya, kwa sharti kwamba jina lake nisilitaje.

Ijumaa ya tarehe 29 Aprili, 1994, asubuhi na mapema, feri iliyokuwa ikivuka kutoka Mtongwe kuja kisiwani Mombasa ilipinduka ikazama, si mbali na pwani. Watu 272 walikufa maji. Wengi wao walikuwa watu wa kazi, wanaokwenda kutafuta riziki ya siku ile. Ndugu yangu, aliyekuwa kibarua wa bandarini, alikuwamo. Yeye aliogelea akatoka. Jioni yake tulimkuta nyumbani amejifunika shuka, watu wamejaa uani wakimshukuru Mola, na mamake amemshika mkono kana kwamba atamponyoka.

Tukasoma dua, tukala wali, tukatawanyika. Tulidhani yamekwisha.

Mwezi wa pili akaanza kutolala. Mwezi wa tatu akaacha kazi, kwa sababu kazi iko ng'ambo na yeye hataki tena kuyatazama maji. Alipolazimika kuja mjini alizunguka kwa gari kupitia Kinango mpaka Mariakani, safari ya kutwa nzima, kwa kivuko ambacho mwenye miguu hukivuka kabla kahawa yake haijapoa. Akaacha kuja barazani. Akaacha kucheza bao. Ukimwamkia hukuitikia, kisha hutazama chini.

Nami siku moja nalikwenda kumwona. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimehitimu chuoni, Kurani naijua, na najiona mwenye elimu. Alianza kunambia, "Ndugu yangu, siku ile mle majini..." Nami nikamkatiza. Nikamwambia, "Subiri. Hiyo ni kadari ya Mungu. Shukuru u hai." Akanitazama kidogo, akasema, "Alhamdulillahi," akanyamaza.

Kunyamaza kwenyewe kulikuwa huko. Kulidumu miaka kumi na mitano.

Sasa nimeingia makamo yangu, na jambo hili limenikaa kooni. Kwa sababu sura ile ile niliyoihifadhi chuoni kwa fimbo ya mwalimu, Sura ya Nabii Yusuf, ndiyo inayonihukumu. Tunamtaja Nabii Yaakub kuwa ndiye mfano wa subira njema. Lakini sura hiyo hiyo yatueleza kuwa Yaakub alimlilia mwanawe mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni. Na alipolaumiwa na wanawe kwa kuzidi kumtaja Yusuf, hakuacha kumtaja. Aliwajibu kwamba mashtaka yake ayapeleka kwa Mungu. Basi subira ya Yaakub ilikuwa na machozi, na ilikuwa na maneno. Mimi nalishika neno subira nikalifanya kifuniko cha chungu, nikamfunika nacho mwenzangu.

Na si kwamba sisi watu wa pwani hatuna ujuzi wa huzuni. Tazama lugha yetu ilivyo tajiri. Tuna huzuni, tuna majonzi, tuna simanzi, tuna jitimai, tuna ukiwa, tuna wahaka, tuna fadhaa. Tuna kihoro, ambacho ni kile kinachompata mtu aliyefiwa au aliyepotelewa na kitu kikubwa. Tuna kiwewe, ambacho ndicho madaktari wa leo wanachokitafuta wanapozungumzia jeraha la nafsi. Watu wasioyajua maradhi hawayapi majina mengi kiasi hicho.

Tuna na ada. Mtu akifa, watu hukaa matanga siku tatu. Nyumba ya mfiwa haiwashwi moto, chakula chatoka kwa majirani. Mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi, na wanawake wenziwe humwingilia na kumtokea. Ikifika arobaini, watu hurudi kwa hitima. Wazee wetu walijua kwamba mtu mwenye msiba haachwi peke yake. Lakini ada hizi zawangojea waliofiwa. Ndugu yangu hakufiwa, yeye aliokoka. Na aliyeokoka hatukumwekea matanga. Tulimpa mkono wa tahania, tukaenda zetu.

Mwishowe mamake alimpeleka kwa mwalimu, akaandikiwa kombe kwa zafarani, akanywa. Akalala siku mbili tatu, yakarudi. Wakaja watu wa pepo wakataka kumpungia ngoma, akakataa. Ndipo akapelekwa hospitali moja ambayo sitaitaja. Daktari alikuwa kijana hodari wa bara, Kiswahili chake cha kubahatisha, na karani mmoja akawa mkalimani. Ndugu yangu akasema, "Maji yamo kifuani, hayajatoka." Likafasiriwa hivyo hivyo. Basi kifua kikapigwa picha, picha ikatazamwa, akaambiwa kifua chake ki safi, hakina maji. Akapewa vidonge vya maumivu, akarudi nyumbani.

Simcheki daktari yule. Alilisikia neno, hakumsikia mtu. Na mimi niliyeisikia lugha barabara, nalifanya vibaya kuliko yeye.

Kisa hiki si cha Mombasa peke yake, na hakikuanza jana. Hospitali ya Mathari kule Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, na jina lake mpaka leo watu hulifanya tusi. Tangu mwaka 1938 hadi 1950 iliongozwa na daktari Mwingereza, J. C. Carothers. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika. Humo alidai kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra kwa Mwafrika, na miongoni mwa sababu alizozitaja ni kwamba Mwafrika hana mazoea ya kujitwika lawama mwenyewe. Bwana huyu alikaa na wagonjwa wetu miaka kumi na miwili! Lakini wagonjwa anaowaona ni wale walioletwa na askari, waliozua fujo barabarani. Yule aliyekaa pembeni mwa nyumba yake, amejiinamia, hajavunja kitu wala hajapiga mtu, nani atamleta Mathari? Hakuonekana, basi ikasemwa hayuko.

Mwaka huo huo wa 1953, daktari mwingine, mtu mweusi kutoka kisiwa cha Martinique, Frantz Fanon, alifika kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Blida, nchini Algeria, wakati Wafaransa wakitawala. Fanon alikuta wagonjwa wametengwa: Wazungu kwao, Waislamu kwao. Akaanzisha mambo mapya katika wadi ya wanawake wa Kizungu: gazeti lao wenyewe, sinema, karamu, kazi za mikono. Wanawake wale wakachangamka. Akayapeleka mambo hayo hayo katika wadi ya wanaume Waislamu. Wapi! Hawakuimba, hawakucheza, hawakusoma gazeti. Wakakaa vivi hivi wakitazama ukuta.

Mwingine angesema: naam, akili zao ndivyo zilivyo. Fanon, pamoja na mwanafunzi wake Jacques Azoulay, walijiuliza swali jingine: je, kosa ni letu? Mwaka 1954 wakaandika wakakiri kwamba kosa lilikuwa lao. Waliwapa wakulima wa Kiislamu furaha za watu wa Ulaya. Gazeti la Kifaransa kwa watu wasiosoma Kifaransa. Karamu za nyimbo za kigeni kwa watu ambao starehe yao ni kikao cha wanaume na hadithi. Tena Fanon mwenyewe Kiarabu hakukijua, akisema nao kwa mkalimani. Basi hospitali ikafunguliwa mkahawa wa kienyeji, wagonjwa wakakaa kwenye mikeka wakinywa kahawa. Sikukuu za Kiislamu zikaadhimishwa. Akaletwa msimulizi wa hadithi, akaletwa na shekhe wa kuwasalisha. Na watu waliokuwa kama magogo wakaanza kusema.

Nilipoisoma khabari hii mara ya kwanza nilicheka kwa uchungu. Dawa ya Blida ilikuwa baraza na kahawa, mambo ambayo kwetu Mombasa yako kila mtaa!

Huko Nigeria nako, mwaka 1954, Daktari Thomas Adeoye Lambo alianza mpango wake wa Aro, karibu na mji wa Abeokuta. Wagonjwa walikaa katika vijiji vya jirani pamoja na jamaa zao, mchana wakaenda kutibiwa hospitali, na waganga wa kienyeji wakashirikishwa. Lambo aliona kwamba kumwondoa mtu kwao ili umponye ni kumwongezea maradhi.

Na kabla ya hao wote, Waislamu walikuwa na habari. Nuruddin alijenga hospitali yake mjini Damascus katika karne ya 12, na Sultani Qalawun akajenga ya Cairo mwaka 1284, na wagonjwa wa akili walikuwa na nafasi yao humo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya afya ya mwili na ya nafsi pamoja, akaigawa huzuni mafungu mawili: ile ambayo sababu yake yajulikana, na ile ambayo mwenyewe haijui itokako. Basi asije mtu akatwambia kwamba kwenda kwa tabibu wa akili ni mambo ya Wazungu. Wala asije mwingine akatwambia kwamba aliye na imani hapatwi. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alifiwa na Bi Khadija na ami yake Abu Talib, na wanavyuoni wakauita mwaka ule Mwaka wa Huzuni. Hawakuuita mwaka wa upungufu wa imani.

Nirejee kwa ndugu yangu. Mwaka 2009 alipata homa, akalazwa siku chache. Wadini mlikuwa na muuguzi mmoja, mama wa Kidigo mtu mzima. Usiku alimwona ameketi kitandani, macho wazi. Hakumwuliza kifua. Alivuta kiti akamwambia, "Baba, naona usiku wakutesa. Wakwambia nini?" Akakaa. Hakusema kitu kingine.

Na ndugu yangu akasema. Alisema kwamba mle majini mtu alimshika shati kwa nyuma. Hakumwona uso, hajui ni mwanamume au mwanamke. Alivutwa chini, pumzi zikamwishia, akakata vifungo, akalivua shati, akapanda juu. Shati likabaki mkononi mwa yule mtu.

Hiyo ndiyo lawama ambayo Bwana Carothers alisema hatuna.

Muuguzi yule alimwonyesha kwa daktari wa maradhi ya akili, akapewa dawa na akawa huenda kuzungumza naye kila mwezi. Shekhe wa msikiti wetu naye, Mungu amjaze kheri, hakumwambia aache vidonge. Alimwambia kwamba aliyekuwa akizama hana kalamu ya kuandikiwa kosa kwa kuitafuta pumzi. Kisha wakamsomea hitima yule mtu asiyejulikana, watu wanane tu, nami nikiwamo. Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa miaka yote ile yeye alikuwa mfiwa, na matanga yake hayajakaliwa.

Baadaye alinambia, "Siku ile uliponikatiza, nalijua hutaki kusikia. Nikasema, ikiwa ndugu yangu mwenye elimu hataki, nani atataka?" Nimemwomba radhi. Amenisamehe. Lakini miaka kumi na mitano sina pa kuitoa nikamrudishia.

Hakupona kama apoavyo mtu wa hadithi. Maji bado hayapendi, na mwezi wa Aprili humwia mzito. Lakini hulala, na jioni yuko barazani, na kwenye bao ananifunga. Idi iliyopita alivaa shati.

Mwaka 2022 sheria yetu ya afya ya akili, iliyotungwa mwaka 1989, ilirekebishwa, na hilo ni jema. Lakini sheria haitakaa na mtu usiku. Wahenga walisema, mficha maradhi kilio kitamfichua. Mimi nasema wako na wasioficha. Sisi ndio tunaowaziba midomo. Ukiwa una mtu nyumbani mwako aliyenyamaza, msomaji wangu, usimpe kwanza mawaidha. Mpe sikio. Kisha mpeleke kwa tabibu, na dua muombee, na nafasi yake barazani msimpe mtu mwingine.

Subira si kunyamaza, jeraha ukalifunga,
Mwenye dhiki sikiliza, usimtie ujinga,
Kifichikacho huoza, kidonda huja kutunga,
Ketini nao wanyonge, wasibakiye wapweke.

Dawa iko kwa tabibu, na dua kwake mwalimu,
Kila moja ina jibu, hazipingani, fahamu,
Na tatu ni ya karibu, kikao cha wanadamu,
Ketini nao wanyonge, wasibakiye wapweke.