Mwaridi Unaohama kwa Jicho Moja

Msomaji wa Ngara ameniandikia. Nyumba ya mawe waliyoikaa tangu enzi za babu mkwe inabomolewa kupisha ghorofa, kama nyingi za mtaa huo. Langoni pana mwaridi mwekundu wenye harufu kali, ambao jina lake hakuna alijuaye, na mizizi yake imezama chini ya saruji. Anauliza kama kuna namna ya kuhama nao.

Ipo, na haihitaji mizizi. Latosha jicho, kile kivimbe kilichojificha kwenye kwapa la jani. Libebeshe kwenye mwaridi mwingine, na litakalochanua ni waridi lile lile la langoni, maana tawi zima litakuwa limezaliwa na jicho hilo. Nasema kubebesha, neno la wakulima wa matunda wa Tanzania, kwa kuwa kupandikiza hufanyiwa hata sukuma wiki inapotolewa kitaluni. Shina la chini wengi huliita shina mama. Kwangu mama ni mwaridi wa langoni. Hili la chini naliita mbebaji. Mashamba ya maua ya Naivasha hutumia sana mbebaji aitwaye Natal Briar, anayeota kwa urahisi kutoka kwenye kipande cha tawi.

Kazi ya kisu ni fupi. Chagua tawi lililokwisha kutoa ua, kata majani lakini uache vikonyo vyake. Chanja gome la mbebaji kwa umbo la herufi T, chomeka jicho pamoja na ngozi yake, funga kwa utepe wa plastiki huku jicho likichungulia nje. Fundi yeyote wa kitalu atakuonyesha mkono unavyokwenda. Kinachonisisimua mimi ni yale yanayotendeka chini ya utepe.

Chini ya gome kuna kambiamu, tabaka jembamba la seli zinazogawanyika. Zikijeruhiwa, huzaana na kuujaza ufa kwa nyama laini isiyo na mpangilio. Jicho lina mishipa yake, mbebaji ana yake, na katikati hakuna mshipa hata mmoja. Nani huziambia seli za pale kati zipi zigeuke mabomba?

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Tsvi Sachs wa Jerusalem alipaka homoni ya auksini kwenye mashina ya njegere yaliyokatwa, na mishipa mipya ikajichora kuanzia pale alipopaka hadi kwenye mishipa ya zamani. Fikiria uwanja wa nyasi kati ya mtaa na stendi ya matatu. Siku ya kwanza kila mtu hukata kivyake. Mmoja akilaza nyasi kidogo, anayefuata hupita hapo hapo kwa kuwa ni rahisi, na wa tatu vivyo hivyo. Nyasi hufa, udongo hushikana, na baada ya muda pana njia moja ambayo hakuna mhandisi aliyeichora, huku vijia vingine vikimezwa na magugu. Auksini hutoka juu kuelekea mizizini. Seli inayopitisha nyingi huongeza milango ya kuipitisha zaidi, majirani zake hukosa, na safu iliyoshinda hugeuka mshipa. Jicho hujichimbia bomba lake lenyewe!

Mwaka 2015, Charles Melnyk na wenzake waliufuatilia muungano huo katika mmea mdogo wa Arabidopsis: mishipa ya sukari ilishikana siku ya 3 au 4, ya maji karibu siku ya 7.

Mwaridi huenda polepole zaidi. Baada ya wiki 2 au 3, gusa kile kikonyo ulichokiacha. Kikidondoka kwa mguso tu, jicho limeshika, kwa kuwa jicho hai hujitenga nacho kwa utaratibu. Kikinyauka na kung'ang'ania, anza upya. Likishashika, kata kilele cha mbebaji juu ya kiungo, maana auksini inayoshuka kutoka huko ndiyo inayolilaza jicho. Machipukizi yanayotoka chini ya kiungo yang'oe kwa mkono. Mkasi huacha macho mengine nyuma. Virusi navyo huhama na jicho, basi chagua tawi safi.

Tingatinga likifika kabla mbebaji hajawa tayari, kata vijiti vichache, vifunge kwa karatasi yenye unyevu ndani ya mfuko, uviweke kwenye friji. Vitangoja siku kadhaa.