Ramani ya Maji Kabla ya Mafuta: Funzo la Bonde la Lokichar

Utangulizi

Msafiri atokaye Kesses, kilipo Chuo Kikuu cha Moi, akielekea mashariki hufika mahali ambapo nyanda za juu za Uasin Gishu hukatika ghafla. Chini ya maporomoko hayo hupita Mto Kerio, unaoelekea kaskazini hadi Ziwa Turkana. Magharibi ya njia yake, katika bonde la Lokichar, ndiko mafuta ghafi yalikogunduliwa mwaka 2012 katika kisima cha Ngamia-1. Makala haya yanadhamiria kueleza namna uchafuzi wa maji utokanao na uchimbaji wa mafuta unavyochorewa ramani, na kwa nini ramani hiyo ni suala la haki kwa jamii ya Waturkana.

Maji Yasiyoonekana

Turkana ni nchi kame. Mito yake mingi ni laga, yaani mikondo inayotiririka kwa muda mfupi baada ya mvua kisha hubaki mchanga mtupu. Wafugaji huufukua mchanga huo wakapata maji yao na ya mifugo. Kwa hiyo, laga ambayo machoni pa mgeni ni bonde kavu, machoni pa mwenyeji ni kisima.

Uchimbaji wa mafuta nao huzalisha taka: matope yenye kemikali, vipande vya miamba, na maji ya chumvi yanayopanda pamoja na mafuta, ambayo aghalabu huwa na metali nzito. Taka hizo zisipohifadhiwa vyema, mvua moja kubwa yatosha kuzifikisha kwenye laga, na kutoka hapo kwenye mchanga unaonywewa na watu na mbuzi.

Jinsi Ramani Inavyochorwa

Kwanza, picha za setilaiti hutumika kuonyesha mikondo yote, ikiwemo ya msimu. Pili, wenyeji hutaja visima vya mchanga, njia za mifugo na malisho ya kiangazi, mambo ambayo setilaiti haiyatambui. Tatu, visima vya mafuta na mashimo ya taka huwekwa juu ya ramani hiyo hiyo. Hatimaye, sampuli za maji huchukuliwa upande wa juu na wa chini wa kila kisima cha mafuta, wakati wa kiangazi na wa masika, zikalinganishwa.

Ulinganisho huo una sharti moja: lazima pawe na vipimo vya kabla ya uchimbaji. Maji mengi ya Bonde la Ufa yana floraidi na chumvi kwa maumbile yake. Pasipo vipimo vya awali, mfugaji akilalamika kuwa maji yamebadilika, ataambiwa kuwa ndivyo yalivyokuwa tangu zamani, naye hatakuwa na ushahidi wa kukanusha.

Funzo la Nigeria lipo wazi. Mafuta yaligunduliwa Oloibiri mwaka 1956, lakini ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyopima kwa kina ardhi na maji ya Waogoni ilitolewa mwaka 2011. Ilikadiria kuwa kurejesha mazingira yale kungeweza kuchukua miaka 25 hadi 30.

Nafasi ya Lugha

Katiba ya Kenya ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na inautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Hata hivyo, mwananchi hawezi kushiriki katika waraka asiouelewa. Majina ya laga yamo katika Kiturkana. Ripoti za kitaalamu huandikwa kwa Kiingereza. Kiswahili, kikiwa lugha ya taifa na lugha rasmi, kinapaswa kuwa daraja kati ya pande hizo mbili. Kuunda istilahi za mazingira si pambo la kamusi tu.

Hitimisho

Mwaka 2019 shehena ya kwanza ya mafuta ya Turkana ilisafirishwa kutoka Mombasa, na mradi huo wa majaribio ukakoma mwaka 2020. Mwaka 2025 kampuni ya Tullow iliiuzia Gulf Energy mali zake za Kenya. Sheria ya Petroli ya 2019 inaitengea jamii ya wenyeji asilimia 5 ya fungu la serikali. Mgao huo unahesabika kwa shilingi. Maji yaliyoharibika huhesabika tu pale ambapo yalipimwa yakiwa mazima. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.