Fahamu: Mbawakavu anayeua misonobari ya Kanada

Urefu wake ni kama milimita 5 tu, sawa na punje ya mchele. Hata hivyo, tangu miaka ya 1990, mbawakavu wa misonobari wa milimani ameathiri zaidi ya hekta milioni 18 za misitu katika jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada.

Jike hutoboa gome, na mti hujitetea kwa kumwaga utomvu mzito. Dhidi ya mdudu mmoja, mti wenye afya hushinda. Lakini jike hutoa harufu inayowaita wenzake, nao huja kwa mamia mpaka ulinzi huo uzidiwe. Mdomoni hubeba kuvu wa buluu wanaoziba njia za maji ndani ya mti, huku mabuu yakitafuna tabaka linalopitisha chakula chini ya gome. Majani huwa mekundu mwaka unaofuata, mti ukiwa umekwisha kufa.

Mdudu huyu si mgeni. Ni mwenyeji wa misitu hiyo, na kwa kawaida huua miti dhaifu, akiipisha michanga. Kilichobadilika ni mazingira yake. Mabuu hujikinga na baridi kwa gliseroli mwilini. Kuyaua kwa wingi huhitaji takriban nyuzi 40 chini ya sifuri, baridi ambayo imekuwa adimu. Tena, miongo ya kuzima moto wa msituni iliacha misonobari mingi mizee, chakula anachokipenda.

Mwaka 2006 upepo uliyavusha makundi makubwa ya mbawakavu hao milima ya Rocky hadi jimbo la Alberta. Huko mdudu huyu alikuta aina nyingine ya msonobari, inayoenea hadi mashariki mwa Kanada, naye akaanza kuishambulia.