Joka Ingededi Hapo Hapo

Wasee wakibonga kuhusu The Desolation of Smaug, ile Hobbit ya kati ya 2013, wengi huteta ati ni refu. Ni dakika 161, sawa. Lakini mi naona urefu si noma. Noma ni penye waliikata.

Mwanzo Peter Jackson alikuwa amepanga muvi mbili. Julai 2012 akatangaza ni tatu. Na hicho kitabu cha Tolkien cha 1937 ni kadogo, kiliandikiwa watoi. Sasa hii ya katikati ikabidi ivutwe. Elf Legolas hayuko kwa hiyo stori, akaingizwa. Tauriel hayuko kwa kitabu yoyote ya Tolkien, walimtunga. Evangeline Lilly anamcheza poa sana, dem ana roho, lakini mapenzi yake na kibete Kili inakula time mbaya. Kili anadungwa mshale wa sumu, vibete wanne wanaachwa Lake-town, alafu kila time joka ikianza kutesa tunarudishwa huko kwa kitanda ya mgonjwa.

Na hiyo joka Smaug, manze! Bilbo, yule hobbit, anakanyaga dhahabu, coins zinaporomoka, jicho inafunguka. Benedict Cumberbatch hakutoa sauti pekee, alivaa ile nguo ya kunasa miondoko akatambaa chini ka mnyama, na unaiona kwa venye Smaug anageuza shingo. Martin Freeman, ndiye Bilbo, anamrushia sifa tu ndio asichomwe. Akijiita mpanda mapipa, joka inashtukia, na baadaye inajua watu wa Lake-town wako ndani ya hii mambo. Ni wawili wanabonga gizani na huwezi toa macho. Kuna ingine imenibamba hivyo hivyo: kule msituni, Bilbo anaua kadudu juu kameshika pete yake, alafu anajiogopa mwenyewe. Freeman anamaliza hiyo kitu yote na uso.

Alafu wanaharibu. Vibete wanakimbizwa mlimani, wanayeyusha dhahabu, wanamwagia Smaug, na joka yenye ilimaliza mji wa Dale mzima haigusi hata kibete mmoja. Woga yote imeisha. Smaug anapaa kuenda kuwasha Lake-town nare, giza, muvi imekatika. Mafans wakangoja hadi Desemba 2014, na kwa dakika za kwanza tu za muvi ya tatu, amededi.

Hicho kifo kingefaa kuwa cha hii muvi ya kati. Bard, msee wa Lake-town mwenye humuua, amejengwa hapa: mshale mweusi umefichwa, babu yake wa kale Girion alikosa kumaliza joka, wakubwa wa mtaa wanamdharau. Toa hiyo mbio ya dhahabu, weka Bard juu ya mnara akilenga, na hizo mbegu zote zinaota. Ya tatu ingeanza na mlima umejaa mali bila mwenyewe, na Thorin, mkubwa wa vibete, tayari ameanza kuwa mgonjwa nayo.